Bi Pirika na Somo la Kuchanganyikiwa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kengele ya alasiri ikishalia, mwalimu wetu wa Kiingereza atakabidhi funguo zake baada ya kukitumikia chuo chetu cha uuguzi kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wanamwita Bi Pirika. Walimu pia tulimwita hivyo, ila akiwa ametoka nje, mpaka siku aliyogeuka mlangoni akatuambia kwamba masikio yake bado yako kazini. Tangu hapo tunamwita mbele yake.

Jina limemkaa. Hajawahi kumalizia chai mahali alipoianzia. Vikombe vyake tumevikuta juu ya kabati la vitabu, kwenye ngazi, na kimoja kwenye dirisha la maabara kikiwa kimeota ukungu. Mpishi wetu husema kuwa kabla ya kuosha vyombo vya mama huyu, sharti kwanza uvae viatu vya safari.

Mlinzi wa getini, aliyeanza kazi mwaka mmoja naye, anamkumbuka akiingia na mkoba mkubwa kuliko yeye, akiuliza njia huku ameshapita. Alipewa kazi ya kufundisha Kiingereza cha wodini, kwa kuwa taarifa za wagonjwa huandikwa kwa lugha hiyo. Miaka ya mwanzo alifundisha kama tulivyofundishwa sote. Aliandika ubaoni safu ya maneno ya Kiingereza yanayomweleza mtu aliyechanganyikiwa, wanafunzi wakakariri, wakafanya mtihani. Walifaulu vizuri sana.

Kisha baba yake mdogo akalazwa, mzee mwenye akili zake timamu aliyevunjika mkono. Bi Pirika alipokwenda kumwona alikuta vyuma vya pembeni mwa kitanda vimepandishwa na mzee amekatazwa kushuka. Wauguzi wa kila zamu walikuwa wameandika neno moja tu, "confused", yaani amechanganyikiwa, kwa sababu mgonjwa alikuwa akiamka, akielekea ukutani na kugombana na kabati. Wote walikuwa wanafunzi wake. Walikuwa wameokota neno la kwanza kwenye safu.

Mzee alipomwona alikaribia kulia kwa hasira. "Mwanangu, hawa watoto wananiona chizi! Choo kilikuwa upande huu, na mimi nakwenda upande huu huu!"

Kumbe wodi ilipopakwa rangi, kitanda kilirudishwa kikiwa kimegeuzwa, kichwani kukawa miguuni. Bi Pirika na mfagizi wa wodi wakakigeuza tena, vyuma vikashushwa, na mzee akaenda chooni mwenyewe, akarudi akipiga mluzi.

Hakuiandika tena safu ile. Akaanza mtindo ambao kila aliyepita hapa anaujua: kwa Bi Pirika hupewi neno kabla hali yenyewe haijakupata. Wanafunzi waliingia asubuhi wakakuta darasa zima limegeuzwa, ubao uko nyuma, mlango waliouzoea umezibwa kwa meza. Wakigongana na kupapasa, yeye aliwauliza, kwa lugha yoyote, mwili unasema nini. Wakishasema ndipo walipopata "disoriented", yaani aliyepotea mwelekeo, neno lililomfaa yule mzee. Kuna sanduku lenye kufuli na shada la funguo. Anayejaribu ufunguo huu na ule huku akiuliza maswali ni "puzzled", bado ana nguvu za kutafuta. Funguo zikiisha zote na sanduku halijafunguka, hapo ndipo kwenye "baffled".

Kwa "bewildered" alimtuma mwanafunzi uani, ambako watu watatu walikuwa wameshapangwa. "Wewe, lete ndoo!" mpishi alipaza sauti. "Ndoo ya nini, funga geti kwanza!" mlinzi akadakia. Na mkutubi, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akadai kitabu ambacho mwanafunzi hakuwahi kukiazima. Kijana alizunguka pale uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Neno "dazed", la mtu aliyeduwaa, lilikuja kwa sinia la chuma lililogongwa nyuma ya mgongo. Mkuu wa chuo wa zamani aliwahi kupita dirishani wakati wa sinia, akajikuta amehudhuria somo bila kujiandikisha.

Tunacheka, lakini mkuu wa wodi ya upasuaji hutuambia kuwa anawatambua wahitimu wetu kwa taarifa zao. Hawaandiki tu kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Wanaeleza kama ameduwaa, amepotea, au ana hofu tu, na daktari anajua aanzie wapi.

Mimi nina kumbukumbu yangu ndogo. Mwaka jana nilipofiwa na mume wangu, nyumba ilijaa watu wema, na kila mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Mwacheni, amechanganyikiwa." Nilikuwa nimesimama jikoni na kiberiti mkononi, sijui nilitaka kuwasha nini. Bi Pirika aliingia, akanitazama kwa muda. "Mdogo wangu, wewe hujachanganyikiwa," alisema. "Unajua nani ameondoka, na leo ni siku gani unajua. Umeduwaa. Hilo linataka mtu wa kukushika mkono mpaka lipite." Akanishika. Baadaye akachukua kile kiberiti, akawasha jiko, akaosha masufuria yote na kuyapanga vizuri, mahali ambapo mpaka leo moja silioni.

Ndiyo maana muhula huu haukuwa na utulivu. Ratiba imejaa, mwalimu anaondoka, na uongozi ulipanga kuliondoa somo lake. Wanafunzi wangepewa karatasi ya maneno wajisomee. Kwake hiyo ilikuwa kurudi kwenye safu ile ile, na kwenye vitanda vile vile vilivyofungiwa wazee. Hakugombana na mtu. Alitembea. Alitufuata mmoja mmoja, kwenye foleni ya mashine ya kunakili, kwenye maegesho, hata nje ya mlango wa choo, akitafuta wa kumrithi. Wengine walianza kupitia mlango wa jikoni. Mwisho nilikubali mimi ninayefundisha mazoezi ya wodini, na mkuu wa chuo akasema atakuja kuona kama somo linaweza kuishi bila mwenyewe.

Jaribio la kwanza, kabla mkuu hajaja, lilikufa mikononi mwangu. Niliwahurumia wanafunzi, nikawapa neno kabla hata hawajajikwaa. Wakaandika, wakakaa, wakapiga miayo. Nje ya dirisha kivuli cha Bi Pirika kilikwenda na kurudi, kikaenda na kurudi. Nilipotoka aliniambia, "Umewaokoa mapema mno, mdogo wangu. Vumilia."

Mara ya pili mkuu wa chuo alikaa nyuma, ambako siku hiyo kulikuwa mbele. Wanafunzi waliingia kwa vicheko, wakasukumana, wakatafuta madawati yao. Kijana mmoja mrefu, mtani wa darasa zima, alisimama katikati amenyoosha mikono, akipapasa hewa. Wenzake wakaacha kusukumana. Nilitamani sana kumsaidia. Nikauma midomo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "najua niko darasani. Ila sijui darasa liko wapi."

Hapo ndipo nilipompa neno. Alilirudia mara mbili bila mzaha, na mkuu wa chuo akafunga kalamu yake, akatoka.

Kesho yake ratiba mpya ilibandikwa, na somo limo, Alhamisi asubuhi, chini ya jina langu. Bi Pirika aliisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Nilisubiri anipongeze. Aliuliza ni nani mwenye akili aliyenipangia chumba chenye mlango mmoja, na kabla sijajibu alikuwa ameshafika ofisi ya mkuu kudai kingine. Amekipata. Kina milango miwili, na madawati yake ni mepesi kusukuma.

Dada yetu, mwalimu wetu, umetufundisha kumtazama mtu vizuri kabla ya kumpa jina la shida yake. Ahsante kwa wagonjwa usiowajua waliotazamwa hivyo, na kwa mkono ulioshika wangu. Nenda ukapumzike, kama utaweza. Tunakuombea afya njema, miaka mingi ya furaha, na majirani wavumilivu.