Lenzi za Mama na Vidole vya Baba

Tunayemsindikiza leo, mama yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Picha, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwalimu na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Alitamani kufundisha kama babake, ila kila aliposimama mbele ya watu sauti ilimkauka. Akaenda chuo cha ufundi, na mwaka 1969 akaajiriwa kusafisha filamu katika studio ya picha. Mwaka 1983 alifungua yake, chumba kimoja chenye pazia la buluu, juu ya duka la vioo.

Katika studio ile ya kwanza ndipo fundi saa mmoja alipokuja kupigwa picha, akashindwa kuacha kutabasamu. “Kaka, hii ni ya kitambulisho, si ya harusi,” Mama alimwambia. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1974.

Mwaka 2011 kaka yetu alimletea kamera ya dijitali inayolenga yenyewe. “Inamlenga nani?” Mama alilalamika. “Mimi namtaka bibi harusi, yenyewe imependa maua!” Lenzi zake za zamani, za kuzungusha kwa mkono hadi sura ionekane wazi, zilikuwa kabatini, zimevishwa soksi zetu za utotoni. Baba akatafuta pete ya kuziunganisha na kamera hiyo. Kamera ikaandika kwamba haina lenzi. “Inajifanya haimjui mkubwa wake,” Mama alisema, mpaka kaka alipoirekebisha ikubali kupiga hivyohivyo. Alifanya kazi nazo kwa furaha miaka sita.

Mwaka 2017 mikono ilianza kumtetemeka. Daktari alisema ugonjwa huo hauponi. Picha zikatoka na ukungu, naye akaweka kamera chini.

Mimi kitindamimba niliolewa tarehe 14 Desemba 2019, nikakataa mpiga picha mwingine. Mama alikasirika, kisha akaogopa. Siku hiyo kamera iliwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Mama akachungulia, Baba akashika lenzi.

“Zungusha. Taratibu, Baba Watoto, hiyo si saa! Umepita. Rudi... hapo hapo!”

Jumapili kaka alifungua picha kwenye kompyuta. Mama alikaa ametupa mgongo. “Niambieni tu kama nimeharibu.” Kaka akakuza moja hadi kope zangu zikahesabika. Mama akageuka, akatazama, akashusha pumzi ndefu. “Haya. Leteni chakula.”

Kuanzia hapo walipiga picha wakiwa wawili, hadi mapafu yalipomsumbua mwezi Mei mwaka 2023. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika wa Baba. Ulikuwa umetulia kabisa. Tulilia, lakini hatuwafichi, tulishukuru pia kwamba ameacha kuhangaika.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja.

Apumzike sasa, mama yetu. Kazi ameimaliza vizuri.