Kona Tuliyomwachia Mgeni Rasmi

Risala ya Kikundi cha Wasafisha Madirisha cha Mwanga Ndani kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, siku ya kufunguliwa kwa ofisi ya kikundi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Ndugu Msimamizi wa Jengo uliyefuatana naye. Wateja wetu, majirani na wote mliofika:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Mwanga Ndani tunakukaribisha kwa mikono miwili, na mikono yenyewe leo ni mikavu, jambo ambalo kwetu ni nadra. Umeona tumeuacha mlango wazi na kuuwekea jiwe usijifunge. Tulijadiliana sana kuhusu jiwe hilo, tukakubaliana kwamba utalipenda.

Mwenyekiti wetu ni yule mama aliyeketi mbele yako, mwenye kitambaa cheupe mapajani. Sote tunamwita Shangazi, ingawa shangazi wa damu ni wangu mimi peke yangu, Katibu, ninayesoma. Hawa wengine wamejipachika. Shangazi ameipitia risala hii na kuibariki, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao hatukumwonyesha.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kikundi hiki kilianza na ndoo, sponji na ngazi ya kuazima. Shangazi alikuwa mfagizi wa maofisi kwa miaka mingi. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia mumewe, ambaye ni fundi viatu, "Nimechoka kuinama. Sasa nataka kazi ya kuinua uso."

"Sawa," mumewe akajibu, "ila ukianguka usiniangukie mimi."

Kesho yake ndiye aliyemshikia ngazi, na viatu vya watu vikachelewa.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulisugua kioo cha mbele asubuhi nzima, tukakausha, tukakifuta kwa gazeti mpaka kikalia. Mwenyewe akatoka, akatazama, akasema, "Sasa hapa mmefanya nini? Mbona naona ndani ya duka tu?"

Hiyo ndiyo tabu ya kazi yetu. Fundi rangi akimaliza, rangi unaiona. Seremala akimaliza, unakalia kiti. Sisi tukimaliza vizuri, hakuna cha kuona. Shangazi alikasirika, na akikasirika huwa anazidi kuwa mpole, kwa hiyo tuliogopa. Tulipofika kioo cha pili akatusimamisha: "Acheni hapo kwenye kona ya chini, upana wa kiganja. Mtu asiguse. Aone alikuwa anaishi na nini."

Mwenye duka alipokiona kile kipande cha uchafu kando ya kioo kinachong'aa, akashika mdomo. Kisha akaomba kitambaa, akakifuta mwenyewe, akacheka kama mtoto. Tangu hapo sisi hatumalizi dirisha. Tunaacha kona ile, tunaiita shahidi, na mwenye jengo anaifuta kwa mkono wake. Ndipo tunasema kazi imekwisha.

MAFANIKIO

Tumepata mafanikio, na tunayataja bila aibu. Tuna ngazi yetu wenyewe. Tumempata Twiga, yule aliyesimama nyuma kwa sababu akikaa mbele hamwoni kitu, ambaye kwa madirisha ya chini hahitaji ngazi, na kwa ya ghorofa ya kwanza hubisha hodi kwanza. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa akiwasha taa mchana kutwa; sasa amezima, ila analalamika kwamba wateja wanaona anavyosinzia.

Na fanikio kubwa kuliko yote, mgeni rasmi, lilikuwa jengo lako la ofisi. Ghorofa zote, mbele na nyuma. Siku tuliyopewa jengo lile Shangazi alivaa viatu vipya kupanda ngazi, ukumbini wafanyakazi wako wakawa wanatupungia mikono kupitia vioo, nasi tukawa tunaona nani ana kazi na nani anajifanya. Hatujamtaja mtu mpaka leo. Jengo lile ndilo lililotulisha na ndilo lililotupa moyo wa kutafuta chumba hiki.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni njiwa. Wanajijua.

Changamoto ya pili ni upepo wa vumbi, ambao husubiri tushuke ngazi ndipo uanze.

Changamoto ya tatu tunaiombea radhi kabla ya kuisema, na tunamwomba Mwenyekiti abaki ameketi, maana sasa tumefika ukurasa ule. Shangazi, tafadhali. Risala haikatizwi.

Mgeni rasmi, unaikumbuka siku ulipowapokea wageni kwenye mlango mpya wa kioo. Tuliusafisha sisi. Tulipofika kwenye kona ya shahidi, Twiga aliuliza, "Tuiache?" Shangazi akasema, "Huyu ni mkubwa, na ana wageni. Mkubwa humwachii uchafu." Akaifuta mwenyewe, kwa heshima. Ndio mlango pekee tuliowahi kuumaliza kabisa.

Ukaja na wageni wako mkicheka. Ukamwona Msimamizi amesimama ndani, ukanyoosha mkono kumsalimia, na ukaendelea kutembea.

Kioo hakikuvunjika, tunamshukuru fundi aliyekiweka. Wewe pia hukuvunjika, tunamshukuru Mungu. Wageni walitazama viatu vyao kwa adabu, na sisi tuliona yote tukiwa juu ya ngazi. Msimamizi alikimbia kukupa maji, kisha akakimbia kutufukuza, na alitufukuza tukiwa bado na povu mikononi. Alisema, "Msirudi hapa. Ni agizo kutoka juu." Tulitazama juu, mgeni rasmi. Juu alikuwepo Twiga tu.

Hatukurudi. Tunasikia milango yote sasa imebandikwa karatasi nyekundu, na madirisha yamekuwa na vumbi kiasi kwamba watu wanaandika majina yao kwa kidole. Bila jengo lile chumba hiki tutakifungua leo na huenda tusifike nacho mbali. Twiga ameshaitwa kwenye kazi ya kubeba mizigo, na hajajibu kwa sababu anatusubiri sisi.

Lakini kinachotuuma zaidi ni Shangazi. Tangu siku ile hajapanda ngazi. Anasema ni goti. Goti lile lile linazunguka mitaa miwili kila jioni ili asipite mbele ya jengo lako. Mwanamke aliyetaka kazi ya kuinua uso anatembea akitazama chini, na sisi tunaoishi naye tunaumia. Alikuumiza kwa kukuheshimu kupita kiasi, na hajapata nafasi ya kukwambia pole, kwa hiyo tunaisema sisi: pole sana, Mheshimiwa.

MAOMBI

Desturi inataka tuombe mambo mengi ili upunguze. Tulikuwa na orodha: ngazi ndefu, mikanda ya usalama, na neno lako kwa njiwa. Tumeyaacha yote isipokuwa mikanda, na hata mikanda inaweza kusubiri.

Tunaomba kujua kama agizo lilikuwa lako. Ndugu Msimamizi, tafadhali usijikune, hatukulaumu. Mtu akimwona bosi wake ameumia husema lolote. Ila tungependa kulisikia kutoka huko juu kwenyewe, na leo huko juu kumekaa karibu nasi.

Tunajua ni vigumu kujibu mbele za watu, kwa hiyo tumekurahisishia. Tazama dirisha lililo upande wako wa kulia. Tumelisafisha alfajiri, na kwenye kona ya chini tumekuachia shahidi, upana wa kiganja. Ikiwa agizo lilikuwa lako, iache kona ilivyo, nasi tutakupigia makofi, tutakupa soda, na hatutauliza tena. Ikiwa halikuwa lako, au lilikuwa lako na sasa hasira zimekwisha, inuka uifute.

Kitambaa anacho Shangazi. Tangu asubuhi amekishika hajui ni cha nini hasa. Tulimwambia ni cha kufutia viti. Atakupa mwenyewe, na kukupa itabidi akutazame usoni.

HITIMISHO

Mungu akupe afya, akuongezee miaka, akuinulie watoto wako, na kila mlango akuonyeshe kabla hujaufikia.

Ni sisi, watu wa ngazi na ndoo, Kikundi cha Mwanga Ndani.

Shangazi, simama sasa. Mpe.