Simu za Alhamisi kwa Mama Awor

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Simu. Waheshimiwa mliofuatana naye. Mabibi na mabwana,

Sisi wenye simu wa laini ya nne, Busia, tunakupokea kwa mikono miwili. Tumesikia kwamba njiani kutoka Tororo gari lako lilinasa matopeni likasukumwa. Pole sana. Chai ipo, na samaki wa Majanji wanakaangwa, lakini tunakuomba utusikilize kwanza, kwa maana risala hii imetupa taabu kuiandika, na huenda tukishashiba tukaogopa kuisoma.

HISTORIA YA LAINI YETU

Waya wetu uliletwa mwaka 1958 kwa ajili ya kiwanda cha pamba. Leo, mwaka 1967, una nyumba nane. Kama ujuavyo, waya ni mmoja tu: simu ikilia kwa mmoja hulia kwa wote, na kila nyumba ina mlio wake. Kwa Mwalimu Mkuu Matayo Oundo, anayesoma risala hii, ni kengele fupi tatu. Kwa Mama Anjeline Awor ni ndefu mbili na fupi moja. Mumewe, marehemu Cornelius, alikuwa karani wa kiwanda, na alipofariki mwenye kiwanda alimwachia mjane simu hiyo iwe rambirambi. Mama Awor anaishi peke yake. Mwanawe wa pekee, Phanuel, alikwenda Nakuru kutafuta kazi, na barua zake zilikatika miaka mitatu iliyopita.

MAFANIKIO

Tumeita gari la wagonjwa mara nne. Jiko la Bwana Okochi liliposhika moto, ndoo zilifika kabla paa la nyumba halijaguswa. Tena hatufichi: tumejua habari nyingi za watu, kwa sababu mlio wa jirani ukisikika, mkono unakwenda wenyewe kwenye simu.

MATATIZO

Mwezi wa Januari tulikuandikia kulalamika juu ya simu za usumbufu. Wapo wanaopiga na kunyamaza. Yupo aliyejiita fundi wa ofisi yako, akamwambia Bwana Okochi kwamba nyaya zitapulizwa vumbi, kwa hiyo aifunge simu yake ndani ya gunia. Aliifunga siku mbili, na ametuomba tusimtaje. Hayo tuliyacheka. Ya Mama Awor hatukuyaandika.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Zililia ndefu mbili na fupi moja. Mwanamume akasema yeye ni Phanuel, yuko Nakuru, na sauti imebadilika kwa mafua. Mama Awor akamuuliza kama anakula vizuri. Tangu hapo mtu yule alipiga kila Alhamisi. Aliuliza mama amepika nini leo, goti linaendeleaje, mvua imeanza au bado. Kabla ya kukata hutaja shida yake: dereva wa lori fulani atapita mpakani, apewe karanga; baadaye apewe redio ya marehemu; mwishowe cherehani. Mama Awor alivipeleka mwenyewe, cherehani kajitwika kichwani, na goti lile lile.

Mgeni rasmi, utauliza tumeyajuaje yote haya. Tulikuwa tunasikiliza, nyumba zote saba zilizobaki. Na sote tulijua kwamba yule si Phanuel, kwa sababu Phanuel ana kigugumizi tangu utotoni. Mwalimu Oundo alimfundisha, na alikuwa akimngoja hata dakika nzima alitaje jina lake. Mtu yule hakukwama hata neno moja. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, kwa maana kusema "Mama, huyo ni mwizi" ni kukiri kwamba umo ndani ya simu ya mwenzako. Tuliona haya. Mpaka leo tunaona haya, ila ya leo ndiyo ya haki.

Cherehani ilipokwisha kwenda, tulimtuma Mwalimu na Bibi Syprose, muuguzi wa zahanati, wakamweleze. Walimkuta ameketi kando ya simu, kwani ilikuwa Alhamisi. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi najua," alisema. "Phanuel yangu anakwama kwa maneno. Huyu anaongea kama redio. Najua tangu siku ya kwanza."

"Sasa, mama, cherehani ulimpa ya nini?"

"Yeye anauliza mimi nimekula nini." Akaifuta simu vumbi kwa ncha ya kitambaa chake. "Na nyinyi, mimi nasikia nyinyi. Mwalimu, wewe iko na kikohozi. Syprose, saa yako ya ukuta inalia ndani ya sikio yangu. Watu saba wanapumua kwa simu yangu, na hakuna mtu anasema, mama, habari ya jioni."

Bibi Syprose akamwahidi kwamba tutaiomba ofisi imfungie njia mtu yule.

"Mkifunga yeye," Mama Awor akauliza, "nani atapiga?"

Wajumbe wetu waliturudia na swali hilo.

MAOMBI

Mtu yule hapigi tena. Wasichana wa mtambo wa Tororo wameshaijua sauti yake, hawamuunganishi. Nasi tulikubaliana, tena kwa kuinua mikono, kwamba tutampigia Mama Awor sisi wenyewe, Alhamisi, saa ile ile.

Alhamisi iliyopita saa kumi na moja ilifika. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye atakayepiga. Simu ya Mama Awor haikulia. Ingelia tungeisikia.

Katika barua yetu tuliomba kila nyumba ipewe waya wake, na leo umekuja kutufungulia mtambo wa kututenganisha. Tunashukuru, na tunaomba utusamehe: usitutenganishe bado. Kila mtu akishakuwa na waya wake, hatutajua tena kama simu ya Mama Awor imelia au haikulia. Tupe miezi mitatu. Kesho ni Alhamisi.

Mwenyezi Mungu akurudishe Tororo salama, na akujalie nyumbani kwako mtu wa kukuuliza umekula nini.

Ni sisi,
Wenye simu wa laini ya nne, Busia.