Mlango Alioushika Felista

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mchungaji wetu, Shehe Hasheem, waheshimiwa madiwani, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa Bulyaga mliofuata harufu ya pilau, nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi Ambindwile, niliyeishia darasa la nne, ndiye mtu wa kwanza wa Rungwe kuketi katika mkutano mkuu wa dunia wa kujadili hali ya hewa. Msinitazame hivyo. Haya, Mchungaji ameguna, basi niseme kweli: lilikwenda koti langu. Mimi niliishia stendi ya Mbeya, nikapunga mkono. Koti hilo la mtumba nililinunua hapa sokoni mara tu biashara ilipoachiwa huru, na aliyelivaa ni binti yetu Felista, tunayemuaga leo anaporudi huko mara ya pili.

Felista mnamjua. Miaka ishirini na sita, kila asubuhi saa tatu, amepima mvua pale Masoko na kuiandika daftarini, hata siku aliyojifungua Lusungu, alipomtuma mumewe akapime, kisha akamrudisha mara mbili kwa kuwa alisoma ovyo. Tulimcheka sana. Nani alijua kwamba daftari lile, linaloonyesha mvua zetu zinavyozidi kuchelewa, litaitwa Ulaya?

Huko walimweka katika chumba kidogo cha uani, wajumbe kumi na wawili, waandike aya moja. Felista alitaka iingie sentensi moja tu: kwamba moshi wa mafuta na makaa ya mawe ndio unaotuharibia mvua, na wanaoyauza wapunguze. Bwana mmoja wa kampuni ya mafuta, kifuani ana beji ya ujumbe wa nchi fulani, akasimama akasema, kwa sauti laini kama ya mtu anayeposa, kwamba jambo hilo lahitaji utafiti zaidi. Kisha akakaa, akachukua kalamu aandike pamoja nao.

Hapo binti yetu akakosea. Desturi yetu mnaijua: ng'ombe akila migomba ya jirani, mwenye ng'ombe huitwa barazani, husikilizwa mpaka amalize, kisha hutoka nje ili wazee waamue. Felista alidhani ndivyo ilivyo dunia nzima. Akainuka, akamfungulia yule bwana mlango, akasimama ameushika. Nje theluji inaanguka. Makoti ya wenzake yametundikwa ukumbi mkubwa. Yeye amevaa langu.

Akamwambia kwa adabu, mkalimani akitafsiri, "Baba, tumekusikia. Tunakusubiri utoke, tuendelee."

Mwenyekiti akamweleza kwamba utaratibu huo haupo. Felista akamuuliza, "Sasa kama mwenye ng'ombe ndiye anayeandika hukumu, jirani amekuja kufanya nini?"

Akaushika mlango nusu saa nzima, wakubwa wa dunia wakitetemeka vitini. Yule bwana hakutoka. Jioni sentensi ikafutwa.

Mnasikitika? Ngojeni. Asubuhi yake wajumbe watatu, watu wa visiwa vidogo ambavyo bahari inavila kidogo kidogo, walifika na makoti yao mwilini, wakasimama naye mlangoni.

Ndugu zangu, nimeishi miaka sabini na mbili na nimestaajabia mengi, lakini mwenye visima vya mafuta kuvuka bahari, kukodi hoteli na kuazima beji, kwa hofu ya sentensi moja ya mwanamke wa Masoko, hilo bado linanisimamisha nywele hizi chache. Ni sentensi ya ukubwa gani hiyo? Na huyu tuliyekuwa tukimcheka akichungulia chupa ya mvua, ni mtu wa ukubwa gani?

Nenda, mwanangu. Sentensi ni ileile, na mlango kaushike tena. Ninyi nyote mlionivumilia, ndaga fijo, asanteni sana.

Ila Felista, kwa kuwa leo wilaya imekupa koti jipya, naomba langu lirudi kabla hujapanda gari. Ng'ombe wangu amekula migomba ya jirani yangu Obed, kesi ni kesho asubuhi, na mimi nikishasema yangu lazima nitoke nje. Baridi ya Julai mnaijua.