Mapipa Mawili ya Bibi Mwadi

Hénock, acha kusimama mlangoni kama uko zamu kwenye jengo la watu. Njoo ukae hapa upande wa miguu yangu. Na wewe Héritière, vua hiyo bangili ya karatasi waliyokufunga huko kwenye tamasha, sitaki kuiona ninapozungumza. Pumzi niliyo nayo ni kidogo na maneno ni mengi, kwa hiyo msinikatize, na nitaanza na jambo ambalo nimeligeuza kichwani miaka yote hii bila kulipatia jibu.

Kufuli la stoo halikuvunjwa. Mnaikumbuka asubuhi ile, baba yenu André akiwa bado hai, nilipotoka uani na ndoo mkononi nikakuta mlango uko wazi na kufuli linaning'inia likiwa zima, limefunguliwa kwa ufunguo wake. Mapipa yangu ya wiski yalikuwa yameondoka, isipokuwa mawili ya ukutani, yale niliyoyajaza kwanza, ambayo ndiyo mazuri kuliko yote. Na hayo mawili yalikuwa yamefunikwa magodoro ya zamani, vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Mimi sikuyafunika. Ufunguo ulikuwa unatundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyelala nyumba hii aliufikia. Basi mtu wa nyumba yangu aliniuza, na mtu huyohuyo, saa hiyohiyo, akanihurumia. Nilikuwa mwalimu Likasi, nimesoma vitabu vingi kule na hapa, na vimenionyesha waovu na wema wa kila namna, lakini huyu sijamkuta katika ukurasa wowote. Baba yenu alikufa bila kusema neno. Ninyi sikuwauliza. Na leo sitauliza. Nyamaza, Hénock, nimesema sitauliza.

Lakini Jacques ninamjua, na hesabu yangu ni naye.

Sitamsema vibaya kuliko alivyo. Tulipokuwa wageni nchi hii, tumebanana chumba kimoja Joubert Park, ni yeye, shemasi wa kanisa letu na mtu wa Likasi kama sisi, aliyepanda ngazi zote zile na mfuko wa unga begani, akasali nasi, akacheza na ninyi sakafuni. Huenda alikuwa mtu mwema mpaka siku alipokutana na kitu kinachostahili kuibwa, na labda wengi wetu tungebaki wema kwa sababu tu hatukukutana nacho. Leseni ya kutengeneza wiski iliandikwa kwa jina lake kwa kuwa yeye alikuwa na makaratasi kamili, na mimi nilikuwa wa kupanga foleni Home Affairs kila mara ili nisifukuzwe nchini. Nilikeneka pombe yangu kule Kensington, ndani ya gereji iliyokufa. Mapipa yakalala hapa Rosettenville kwa sababu jirani yetu mzee Duarte ndiye aliyetupatia, yakiwa bado yananukia divai yake tamu, na kwa sababu nilitaka kulala karibu nayo.

Mnaijua kazi yenyewe. Ni lutuku, pombe kali ya mama yangu, ya mahindi yaliyochipua chini ya magunia mabichi, yakaanikwa juani, yakapondwa. Wanawake wengine wa Likasi waliuza hata yale matone ya kwanza yanayotoka mtamboni, yale yanayopofusha watu. Mama aliyamwaga chini, kila mara, hata wiki tuliyolala njaa, na hakuna mtu aliyepoteza macho kwa kikombe chake. Mimi nilichoongeza ni mbao na subira. Na siku kufuli lilipofunguliwa, mapipa yakaenda Kensington, na leseni ikasema ni yake, na mimi na makaratasi yangu yale ningekwenda kituo gani cha polisi?

Hata hivyo wizi ule ningemsamehe. Nilikuwa nimeanza kumsamehe. Mchungaji aliniambia kisasi nimwachie Mungu, nami nilikuwa nimekwisha kumwachia, mpaka Héritière aliponipeleka Sandton mwaka jana kwenye tamasha la wiski.

Niliupenda ule ukumbi, siwadanganyi. Meza za watengenezaji zimepangwa kutoka mlango mpaka mlango, watu wa Cape, Waskoti na sketi zao, vijana wa Soweto ndani ya suti za buluu, kila mtu na glasi ndogo, ananusa kwanza, amefumba macho kama yuko kwenye maombi. Palikuwa na mzee mmoja aliyenieleza shayiri yake kama mtu anayemsifu mkwe, nikajiona niko kwa ndugu zangu. Kisha nikafika kwenye meza ya Jacques, nikamkuta mama yangu. Mama yangu, juu ya chupa! Picha yake ileile, na kitambaa chake kichwani, ile Jacques aliyoiazima kwangu akisema kanisa linatengeneza kitabu cha wazee wetu. Na chini yake jina lake: Bibi Mwadi.

“Karibu, mama, onja,” akaniambia, “hii ni ya bibi yangu mzaa baba, aliipika porini akiwakimbia polisi.”

“Bibi yako alikuwa wa wapi?” nikamuuliza.

“Likasi.”

“Na kaburi lake liko upande gani wa Likasi?”

Akanitazama machoni. Alinijua, wanangu. Akaendelea kumimina, hakumwaga hata tone. “Eish, mama,” akasema, akiwachekea walio nyuma yangu, “umekuja kunywa au unafanya kazi Home Affairs?” Foleni nzima ikacheka. “Sharp, sawa, songa kidogo, mama, wengine wana kiu.”

Nikasonga. Tangu siku ile nimekuwa nikisonga tu, mpaka nimefika kwenye kitanda hiki.

Nipe maji. Hapana, ulowanishe midomo tu.

Juzi Alhamisi Jacques alikuja hapa na kikapu cha zabibu, akapiga magoti pale ulipokanyaga, Héritière. “Yaya Thérèse, dada yangu, tuyamalize kikristo.” Akakiri kwamba mapipa yangu aliyochukua yamekwisha. Anachomimina mwaka huu ni spiriti ya kununua, ameitia rangi kwa sukari ya kuunguza, na kuna mnunuzi wa ng'ambo aliyeonja ile ya mwaka jana na amerudi kwa ajili yake, anataka kuipeleka kwao. Jacques amemwahidi mapipa mawili. Nilimuuliza nani amemwambia ninayo mawili, akanisogezea kikapu cha zabibu. Akasema ataweka jina langu kwenye lebo, kwa nyuma, kwa herufi ndogo. Nikamwambia sitaki. Ndipo akanifunika blanketi vizuri, taratibu, kama mtoto wangu mwenyewe, akasema: “Basi nitasubiri, yaya. Watoto wako ni wepesi wa kuelewa.”

Mmesikia? Anasubiri nikate roho, kwa kuwa nikifa mapipa ni yenu, na ninyi anawajua bei.

Ndiyo maana asubuhi hii nilimtuma Héritière kwenye tamasha la mwaka huu na kile kichupa cha Fanta, kimejazwa kutoka pipa la ukutani, si kwa Jacques, kwa yule mnunuzi, na nilimwambia ampe mbele ya Jacques. Naye amefanya. Umeniambia mwenyewe, mwanangu, na nitakufa nikiona picha hiyo: yule mtu akanusa, akanywa, akaisukuma glasi ya Jacques kando. Akauliza, huyu mama wa kwenye lebo ni nani? Ukajibu, ni bibi yangu, mama wa mama yangu, na mama yangu yuko Rosettenville anakufa. Na Jacques, shemasi, akakushika mkono: “Mwanangu, tuongee pembeni.” Hukwenda pembeni. Mungu akutunzie miguu hiyo. Sasa wako njiani wote wawili, mnunuzi anataka kuyaona mapipa kwa macho yake, na Jacques anadhani ataweza kutabasamu mbele yangu mpaka mwisho.

Hénock, najua unachotaka kusema, umekisema jikoni na ukuta huu ni mwembamba. “Eish, tuuze tu, tutoke hapa.” Sikudharau. Unasimama usiku kucha kulinda magari ya watu wasiojua jina lako, na una haki ya kuchoka. Lakini tukiuza, Jacques atamwita mama yangu bibi yake maisha yake yote, na pombe ya mama mwenyewe itakuwa shahidi wake. Tusipouza, atabaki na picha na sukari ya kuunguza, na mnunuzi amekwisha kujua tofauti. Nataka mwaka ujao asimame kwenye meza ile amwage kitu ambacho kila anayenusa atajua ni uongo. Na kwanza, leo, nataka akione kile anachokitaka kikiwa mahali ambapo hawezi kukiokota.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mtambo wa shaba ni wa Héritière. Auwashe siku akitaka, na matone ya kwanza ayamwage, hata akilala njaa. Picha ya mama Jacques airudishe, na asipoirudisha mkae mbele ya meza yake kila mwaka mkimuuliza kaburi liko upande gani. Asibebe jeneza langu. Asiombe juu yangu. Zabibu zake mpeni mzee Duarte, yeye hana ugomvi na mtu. Na mapipa mawili yamwagwe uani, sasa, nikiwa hai, nikiwa bado mwenye haki ya kuyamwaga. Zimeni jiko kwanza. Ufunguo uko palepale nyuma ya mlango wa jikoni, na kuanzia leo ni wa Hénock, ni wako peke yako, wala hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza tena habari za kufuli.

Mbona unalia, Hénock? Nimesema... hakuna atakayeuliza.

Nani ametoka? Ni yeye? Mwache, Héritière, usimfuate. Fungua dirisha.

Nyamaza nisikie. Hayo ni magodoro anayavuta. Hakuwasha hata taa.

Ee... Sikia harufu hiyo. Mahindi, na divai ya Duarte. Mama alinukia hivyo jioni, kwenye shingo. Pipa moja. Ngoja... la pili. Kijana wangu. Kijana wangu amefanya.

Njoo, Héritière, inamisha kichwa. Nawabariki wote wawili kwa mkono huu mmoja, ule mwingine haunyanyuki. Mpendane. Msimpe mtu yeyote mama yenu... msiuze...

Hilo ni gari? Ni Jacques anapiga honi?

Mfungulieni geti. Apite uani, kwenye matope ya pombe aliyoisubiri. Asivue viatu.