Joan Wariara Ngigi, Aliyepanda Maua ya Nyuki

Marehemu Mama Joan Wariara Ngigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kule Longonot, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Muturi. Alisoma hadi darasa la saba, 1973. Kaka zake ndio walioendelea. Hilo hakulisahau.

Aliolewa na baba yetu, Jamleck Ngigi, tarehe 8 Desemba 1979. Kuanzia 1984 alikata waridi katika shamba moja la maua Naivasha kwa miaka kumi na tisa. Siku moja Baba alimletea waridi jekundu. Mama akaligeuzageuza, akauliza, "Baba Natalie, hili limefungana namna hii, nyuki ataingilia wapi?" Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Walipohamia Bahati mwaka wa 2003, Mama alipanda maua yenye chakula cha nyuki: rozmari, lavenda, alizeti, mnanaa. Sukuma wiki na dania aliziacha zichanue, majirani wakimwita mvivu. Hakuna mwezi uliopita bila kitu kuchanua, na mizinga yake sita ilijaa.

Halafu tarehe 11 Mei 2019 jirani yetu Mzee Mbugua, ambaye ameketi hapa safu ya pili, alipulizia malenge yake dawa saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi. Mama alikuwa amemwomba mara mbili apulizie jioni. Alijibiwa, "Mama Natalie, nyuki wako ni shida yako." Tulifagia nyuki waliokufa, ndoo nzima. Malenge hayazai bila nyuki, kwa hivyo msimu huo yake yalinyauka yakiwa madogo kama ndimu. Naye huyoo kwa chifu, eti amerogwa! Pole sana.

Mama hakugombana. Aling'oa kila kichaka cha maua, akakihamishia kwa kaka yangu Muturi, kule Njoro, pamoja na mizinga miwili iliyosalia. Alijinyima bustani yake ili Mbugua asipate hata nyuki mmoja. Tangu hapo Mbugua alikuwa akiamka na brashi kufanya kazi ya nyuki, kupaka chavua ua kwa ua, na Mama alikuwa akitoa kiti nje na chai yake, akimtazama hadi amalize. Alifurahi sana.

Figo zilianza kumsumbua 2023. Novemba iliyopita Mbugua alikuja na wazee wa kanisa kuomba msamaha, na mizinga irudi. Mama akamuuliza, "Umekuja kwa sababu yangu ama ya malenge?" Mbugua akawatazama wazee. Mama akageukia ukuta. Alituaga tarehe 2 Februari 2025, hospitalini Nakuru. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Natalie, mizinga isirudi."

Mchungaji aliniomba niyatoe mambo ya Mbugua kwenye programu. Sikuyatoa. Mama mwenyewe nilimsomea sehemu hiyo akiwa kitandani, akasema niongeze tarehe.

Ameacha mume wake Jamleck, watoto wawili, Muturi nami Natalie, na wajukuu watano. Mizinga haitarudi.

Mama apumzike kwa amani. Mzee Mbugua, sisi bado hatujakusamehe.