Mizabibu Mikongwe Iliyoletewa Maji

Mgeni rasmi, mwenye shamba letu, mama uliyefuatana naye, msimamizi wetu, fundi bomba na wenzako, na ninyi nyote mliopata viti na mliokosa: salamu zetu ziwafikie hapa hapa mbele ya ghala la mvinyo, kabla jua halijatupiga sawasawa.

KARIBU

Karibu sana, baba. Ulipokuja mara ya mwisho kilikuwa kiangazi. Ulipanda mpaka shamba la juu, la mizabibu mikongwe, ukashika jani likavunjika mkononi, ukasema, "Maskini, hii ina kiu." Wengine husema hivyo, wakaingia garini, wakasahau. Wewe hukusahau. Leo bomba ulilotuletea lipo, koki ipo, utepe umefungwa. Tunakushukuru kwa dhati. Ila pamoja na shukrani tuna neno, na tunaomba ulisikie kabla hujaigusa koki.

TULIKOTOKA

Hakuna kati yetu aliyeiona mizabibu ile ikipandwa. Babu zetu waliikuta imeshazeeka. Mashina yake ni mazito kama paja la mtu mzima, yamejipinda, mengine yamepasuka katikati. Mpita njia angedhani ni kuni zilizosahaulika. Haizai sana. Vishada ni vidogo, zabibu ndogo, ganda nene, nyeusi ti. Humo ndimo unamotoka mvinyo wetu mwekundu, ule wa chupa nzito, ambao sisi wenyewe tunaukaribia kwa adabu.

Sasa tukueleze yaliyompata Bi Mkasi, mpogoaji wetu mkuu, yule aliyekaa benchi la mbele mwenye kilemba cha kijani. Ametupa ruhusa. Alisema, "Semeni, lakini msinipambe."

Ulikuja mwaka wa ukame mkali. Bi Mkasi alifundishwa kupogoa na marehemu baba yake kwenye mashina yale yale, kwa hiyo kila akipita akaona majani yamejikunja, alihisi kama anamwacha mgonjwa wake mlangoni. Mwisho akamfuata Pipa, mtunza ghala, ambaye ni shemeji yake.

"Shemeji, mizabibu inakufa na wewe umekaa unafuta chupa!"

"Haifi, shemeji. Imenuna tu."

"Na wewe ungesimamishwa juani kutwa, ungenuna?"

"Mimi ningekuja kukulilia wewe. Yenyewe imekulilia?"

Bi Mkasi hakucheka. Alitukusanya wapogoaji, na sisi, mgeni rasmi, hatukubisha hata kidogo. Tulibeba ndoo kutoka tangi la kuoshea mapipa, tukamwagilia shina kwa shina, wakati zabibu zimeshaanza kugeuka rangi. Mizabibu ikachangamka. Zabibu zikavimba, zikang'aa, tukapongezana. Bi Mkasi alipita katikati ya mistari kama mama wa bwana harusi. Pipa peke yake aliendelea kufuta chupa zake, nasi tukasema ana wivu.

Mvinyo wa mavuno yale ulipokuwa tayari, Pipa alichota kwenye pipa, akampa bilauri mbele yetu.

"Onja."

Akaonja. "Mbona kama maji yaliyosuuziwa bilauri?"

"Ndiyo huruma yako hiyo, shemeji."

Alitoka, akapanda shamba la juu, akakaa kati ya mashina mpaka tulipomfuata. Mvinyo ule haukuwekwa kwenye chupa nzito. Uliuzwa kwa jumla, ukaenda jikoni kwa watu.

Tangu siku ile tunajua, na Bi Mkasi anajua kuliko sote: mizizi ya mizabibu ile imeshuka mbali, imepenya mawe, na huko chini inajinywea kidogo kidogo. Uchache huo wa maji ndio unaoifanya zabibu ibaki ndogo na ganda lake liwe nene. Rangi na ladha vyote vimo kwenye ganda. Ukiinywesha kwa juu, inajaa maji, basi.

MAFANIKIO

Hatukurudia. Leo mvinyo wetu unanywewa kwenye hoteli ambazo sisi tungefukuzwa getini. Mnunuzi mmoja alionja, akaonja tena, kisha akaomba kupelekwa shambani. Alipoyaona mashina alivua kofia. Mabati ya nyumba zetu, unayoyaona yanang'aa kule bondeni, yametoka kwenye mvinyo huo. Hatujivuni sana, lakini tunajivuna.

CHANGAMOTO

Nyumba hizo zenye mabati mapya hazina maji. Sote tunategemea tangi la ghala, na mapipa yakiwa yanaoshwa, tunangoja. Bi Mkasi hurudi jioni mikono imegandwa na utomvu, akaanza kutafuta ndoo ya jirani.

La pili ni la leo. Zabibu za shamba la juu zimeanza kugeuka rangi wiki hii. Koki ile ikifunguliwa, mavuno haya yamekwenda. Huruma yako tunaielewa, baba, maana ndiyo iliyotuponza nasi.

MAOMBI

Fundi bomba alituonyesha kwamba njia ya maji inagawanyika nyuma ya ghala. Kwa ruhusa ya msimamizi, mabaki ya mabomba tumeyafukia wenyewe, kila jioni baada ya kazi, mpaka kwenye nyumba zetu, yakipitia shamba la mizabibu michanga, ambayo kweli ina kiu. Kwa hiyo koki ziko mbili pale njia inapogawanyika, ya shamba la juu na ya nyumbani. Utepe tumeufunga kwenye zote, ili tusionekane tumekuchagulia.

Lakini tumekuchagulia.

Tulimuuliza Bi Mkasi yeye atasimama wapi. Akasema, "Kwenye ile ya juu. Mgeni akija upande wangu, nitampa bilauri aonje. Pipa kaweka akiba ya ule wa aibu. Akienda upande wa nyumbani, nitamkimbilia na ndoo, msinizuie."

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya na safari njema, akuzidishie moyo huo huo wa kuona mwenye kiu, na nyumba yako isikaukiwe kamwe. Risala yetu imeishia hapa. Koki ya nyumbani ni ile ya kushoto.

Ni sisi,
Wapogoaji, wavunaji na watu wa ghala,
Shamba la Mizabibu Mikongwe